Gari Halijui Shangazi Yako

Kuna sentensi ambayo kila mtu wa mjini ameisikia, kama si kuisema mwenyewe: kompyuta ni kama gari tu, si lazima ujue injini inafanyaje kazi ndiyo uendeshe. Kijana wa saiba huitumia kumtuliza mzee aliyekuja kujaziwa ritani za KRA. Mwalimu wa kompyuta huanza nayo siku ya kwanza. Mpwa humwambia mjomba aliyenunuliwa simu mpya na sasa anaishika kwa ncha za vidole kama kaa la moto: "Mjomba, tulia, hii ni kama gari tu." Ni sentensi nzuri, bana. Ina huruma. Inamwondolea mtu aibu ya kutojua.

Lakini huruma hiyo huja na bili, na bili huletwa baadaye, siku pesa zimepotea au akaunti imeingiliwa. Siku hiyo tashbihi ileile hugeuka kuwa hukumu: si ni wewe ulikuwa unaendesha? Basi ni makosa yako. Swali langu ni hili: je, ni haki kumhukumu mtumiaji wa kompyuta kwa sheria ya dereva? Hatuwezi kulijibu kabla ya kujua ulinganisho huu unafika wapi na unakwama wapi.

Shuleni tulifundishwa kwamba tashbihi hulinganisha vitu viwili kwa "kama", "mithili ya" au "sawa na". Tulikariri, tukapewa maki zetu, tukaendelea na maisha. Kitu ambacho hatukuambiwa sana ni kwamba kila tashbihi ina steji yake ya mwisho. Tuliita eropleni ndege, na hadi leo hakuna mtu amekaa Embakasi akingoja itage mayai. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa matatu, na hakuna dereva wa Rongai anayechungulia upepo kabla ya kung'oa gari. Hapo mpaka tunaujua bila kuambiwa. Kwa kompyuta na gari mpaka umefutika, na juu ya mahali ulipofutika watu wamejenga biashara, sheria na lawama.

Wala si sisi tulioanza. Steve Jobs alipenda kuiita kompyuta baiskeli ya akili. Mwaka wa 1999 mwandishi Mmarekani Neal Stephenson, katika insha yake *In the Beginning... Was the Command Line*, alichora maduka manne ya magari kwenye njia panda moja: Windows kama gari kubwa la familia lisilo na mvuto, Mac kama gari maridadi la Ulaya, na Linux kama vifaru vya kivita ambavyo wenyewe wanavitoa bure na bado watu wanapita. Ukiisoma utacheka. Kwa miaka pia umezunguka ule utani kwamba kama magari yangekua kwa kasi ya kompyuta, leo yangeuzwa kwa bei ya chakula cha mchana, ila yangezimika mara mbili kwa siku bila sababu, nawe ungeyawasha tena na kuendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea.

Utani huo una ukweli. Mwaka wa 1965 Gordon Moore aliona kwamba idadi ya transista zinazoweza kuwekwa kwenye chipu moja ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka wa 1975 akarekebisha, akasema kila miaka miwili. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka wa 1971 ilikuwa na transista kama 2,300. Chipu ya Apple M1 ya mwaka wa 2020 ina bilioni 16. Hakuna chombo cha magurudumu kilichowahi kukimbia hivyo. Lakini kasi ni tofauti ya kiasi tu, na tofauti ya kiasi haivunji tashbihi. Sungura na kobe wote ni wanyama. Tofauti zinazonihangaisha mimi ni za aina nyingine.

Anza na jambo rahisi: gari ni la nini? La kukutoa hapa kukupeleka pale. Hata likipigwa rangi, likafungwa spika za kutikisa madirisha ya mtaa mzima, bado kazi yake ni hiyo. Kompyuta je? Mwaka wa 1936, kabla kompyuta za kielektroniki hazijatengenezwa, Mwingereza Alan Turing aliandika makala ya hesabu akieleza mashine moja inayoweza kuiga mashine nyingine yoyote ya kukokotoa, mradi ipewe maelekezo yake. Simu yako ni mtoto wa wazo hilo. Asubuhi ni saa ya kukuamsha, saa tatu ni ofisi, mchana ni benki, jioni ni redio, usiku ni shahidi wa mambo ambayo hata rafiki yako wa karibu hayajui.

Ndiyo maana neno "kuendesha" halitoshi. Ukienda shule ya udereva hapa Kenya unasimamishwa mbele ya ule ubao wa mji wa mfano, unasukuma kigari cha plastiki kwenye mzunguko, unajifunza nani mwenye haki ya kupita. Ukishafuzu kwa Toyota, Nissan haikusumbui. Klachi ni klachi. Lakini kujua WhatsApp hakukufundishi apu ya kukopa, na kujua apu ya kukopa hakukufundishi ile fomu ya serikali inayokurudisha mwanzo kila ukikosea herufi moja. Kila programu ni gari jipya ambalo pedali zake zimepangwa na mtu mwingine, na huyo mtu anaweza kuzipanga upya ukiwa umelala.

Halafu kuna namna ya kuharibika. Gari hukosea kwa kiasi. Gurudumu likipungua upepo, gari huvuta upande. Breki zikiisha, hupiga kelele. Fundi wa Grogan anaweza kusimama kando ya gari linalonguruma, akainamisha kichwa kidogo, akakwambia "hiyo ni plagi" kabla hujamaliza kueleza. Sababu ndogo kwa kawaida huleta shida ndogo, na shida kubwa hubisha hodi kabla ya kuingia.

Programu haina adabu hiyo. Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya ya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Haikumaliza hata dakika moja hewani. Sehemu ya programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kuingiza namba kubwa katika nafasi iliyotengewa namba ndogo. Mfumo wa kuongoza roketi ukazimika, roketi ikapinda na kulipuka. Hakuna nati iliyolegea. Hakuna bomba lililopasuka. Ni mstari wa maandishi ambao ulikuwa sawa kabisa kwenye roketi ya awali.

Mtaalamu Mholanzi Edsger Dijkstra alikuwa ameshaonya mwaka wa 1988. Hoja yake ilikuwa kwamba kompyuta ni kitu kipya hadi kwenye mizizi, na kwamba kuielewa kwa kulinganisha na vitu tulivyovizoea hutupotosha badala ya kutusaidia. Tumezoea vitu ambavyo mabadiliko madogo huleta matokeo madogo. Kwenye kompyuta, kubadilisha tarakimu moja kunaweza kubadilisha kila kitu.

Wengi tulichukulia onyo hilo kuwa la wahandisi. Mimi naliona la maadili. Tunamlaumu dereva aliyepuuza kelele za breki kwa sababu kelele zilikuwepo. Alisikia, akaongeza sauti ya redio. Lakini simu iliyoingiliwa na simu salama zinaweza kufanana kabisa mkononi. Ujumbe wa tapeli huweza kuingia kwenye safu ileile ya ujumbe wa benki. Hakuna harufu ya kuungua wala moshi kwenye boneti. Ukimuuliza mtu "kwani hukuona?", jibu la haki mara nyingi ni kwamba hakukuwa na cha kuona.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo naona ndilo zito zaidi, umbali. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Walisema kweli kuhusu fimbo, na kweli kuhusu magari pia. Gari lako likiwa limeegeshwa Umoja, mtu wa Mombasa hawezi kulifanya chochote. Lazima aje, au amtume mtu. Kompyuta ni kifaa ambacho fimbo ya mbali inakipata kila siku.

Julai 19, 2024, kampuni ya Marekani ya usalama wa kompyuta, CrowdStrike, ilituma sasisho lenye kasoro. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 za Windows ziligoma. Ndege zilikwama, hospitali zikaahirisha shughuli, katika nchi ambazo wahusika hawakuwahi kusikia jina la kampuni hiyo. Watu hao wote walikuwa madereva wazuri. Mikanda walikuwa wamefunga. Isitoshe, walioathirika ni hasa wale waliojali kuweka ulinzi na kuusasisha.

Hiyo ilikuwa ajali. Kuna pia fimbo ya makusudi. Mwezi wa Julai 2009 Amazon ilifuta kutoka kwa vifaa vya Kindle vya wateja nakala za vitabu viwili vya George Orwell, *1984* na *Animal Farm*, kwa sababu muuzaji hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa pesa, na kampuni ikaomba radhi. Lakini fikiria: duka la vitabu la kawaida lingegundua limekuuzia kitabu kwa makosa, lingefanya nini? Lingekuandikia barua. Lisingeingia chumbani usiku, likachukua kitabu kando ya kitanda chako na kuacha noti mezani.

Hapa kwetu huhitaji kwenda hadi Kindle. Linganisha gari la mkopo na simu ya mkopo. Ukishindwa kulipia gari, dalali lazima aje na watu wake na gari la kuvuta. Majirani wataona. Utabishana getini. Kama una wakili, au hata binamu aliyesomea sheria, utakimbia kortini kutafuta amri ya kusimamisha. Kati ya deni na kunyang'anywa kuna nafasi, na katika nafasi hiyo ndimo haki huishi: muda wa kueleza, kuomba, kukosoa hesabu. Simu ya mkopo hujifunga yenyewe. Umeamka, skrini inakwambia ulipe. Mkopeshaji hakutoka nyumbani kwake wala hakukutazama usoni. Na siku hiyo hukupoteza simu peke yake. Bodaboda amepoteza wateja wake, na fundi wa mabomba amepoteza kazi aliyokuwa aitiwe saa nne, ile ambayo ingelipa deni.

Sisemi deni lisilipwe. Mkopeshaji ana haki yake, na pengine bila kufuli hiyo asingemkopesha kabisa mtu asiye na payslipu. Hoja yangu ni kwamba neno "kumiliki" tulilijifunza kwa vitu kama magari na mbuzi, vitu ambavyo mwenye kuvitaka lazima avifuate. Tumelihamishia kwa kitu ambacho kimefungwa kamba isiyoonekana, na mwisho wa kamba umeshikwa na mtu mwingine. Hata baada ya kumaliza kulipa, aliyetengeneza mfumo bado ana kamba yake. Peugeot 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1975 iliwekwa sokoni mwaka wa 1968, na ndugu zake walibeba abiria wetu wa safari ndefu kwa miaka mingi, kwa sababu mafundi walipata spea au walizichonga. Oktoba 14, 2025, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na mashine nyingi zenye afya zikahesabiwa kuwa wazee siku hiyohiyo. Gari hufa likichakaa. Kompyuta inaweza kufa kwa sababu aliyeitengeneza amechoka nayo.

Na gari halijui shangazi yako. Naomba utulie kidogo hapa. Gari likiharibika, linaharibika peke yake. Halina orodha ya jamaa zako. Lakini Wakenya wengi wanakumbuka jinsi baadhi ya apu za mikopo zilivyokuwa zikisoma majina yote kwenye simu, na mtu akichelewa kulipa siku mbili, shangazi kule kijijini anapigiwa, bosi anapigiwa, mpenzi wa zamani anapigiwa. "Mwambie fulani alipe deni letu." Aibu iligeuzwa kuwa dhamana. Kanuni za Benki Kuu za mwaka wa 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zilipiga marufuku mtindo huo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ilikuwa imeshaweka msingi. Tazama lakini ni nani aliyeumia. Shangazi hakukopa. Hakubonyeza "kubali". Hakuendesha chochote. Katika lugha ya magari alikuwa mtu aliyeketi nyumbani kwake, kilomita 300 kutoka barabarani, na bado akagongwa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, ila hiki kinakula pia walio nguoni mwa wenzako.

Sasa mtu ataniuliza: kwani siku hizi magari nayo si kompyuta? Swali zuri, na linanisaidia. Mwaka wa 2015 ilifichuka kwamba Volkswagen iliweka kwenye magari ya dizeli, yapatayo milioni 11 duniani, programu iliyotambua gari linapopimwa moshi na kulifanya lijitie ustaarabu kwa muda huo tu. Mwaka wa 2017, watu wa Florida walipokuwa wakikimbia kimbunga Irma, Tesla iliongezea baadhi ya magari umbali wa kwenda, kutoka mbali, kwa sababu betri ilikuwa na uwezo ambao programu ilikuwa imeufungia. Ilikuwa hisani. Lakini anayeweza kukuongezea akiwa mbali anaweza pia kukupunguzia. Mwaka wa 2022 BMW ilikuwa ikiwauzia wateja wa baadhi ya nchi joto la viti kwa malipo ya kila mwezi, viti ambavyo tayari vimo ndani ya gari. Mwaka uliofuata ikaachana na mpango huo.

Kwa hiyo tulitarajia kompyuta ziwe kama magari: imara, za kueleweka, za kwako ukishalipa. Kumbe magari ndiyo yanakuwa kama kompyuta. Ulinganisho haukufa, umegeuka tu, na mwelekeo wake mpya unapaswa kumtia wasiwasi hata yule asiyewahi kugusa kibodi.

Je, tuutupe basi? Hapana. Kuna sehemu moja ambayo bado unafaa sana, nayo ndiyo hatuitumii: historia ya lawama. Kwa miongo mingi watengenezaji wa magari wa Marekani walisema ajali ni tatizo la aliye nyuma ya usukani. Mwaka wa 1965 Ralph Nader akachapisha *Unsafe at Any Speed*, akionyesha kwamba magari yenyewe yaliundwa bila kujali mwili wa binadamu ndani yake. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya usalama wa magari. Hapa nyumbani, Februari 2004, sheria za Michuki zilianza kutekelezwa: mikanda kwa kila abiria, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Tuliobaki kwenye steji siku hizo tulinung'unika. Lakini angalia wazo lililokuwa ndani yake. Serikali haikusema tu "madereva, kuweni makini". Ilisema gari lenyewe, na mwenye gari, wana wajibu wao.

Kompyuta bado ziko kabla ya 1965. Mama mboga anapigiwa na tapeli anayejua jina lake kamili na namba ya kitambulisho, anatoa PIN, akiba ya miezi inaondoka. Kila mtu anamwambia: si tumesema usitoe PIN? Hakuna anayeuliza jina na namba zilivuja kutoka wapi, au kwa nini mfumo unaruhusu akiba nzima iondoke kwa dakika mbili usiku bila hata breki moja. Programu nyingi huuzwa na masharti marefu ambayo kiini chake ni kwamba unaipokea kama ilivyo, na likitokea la kutokea, shauri yako. Gari lenye masharti hayo lisingepita hapa Mombasa bandarini. Umoja wa Ulaya umeanza kugeuka: agizo lake la mwaka wa 2024 kuhusu bidhaa zenye kasoro linaihesabu programu kuwa bidhaa, na nchi wanachama zina hadi Desemba 2026 kulitia katika sheria zao.

Jibu langu kwa swali la mwanzo basi ni hili. Dereva analaumiwa kwa haki pale alipokuwa na mambo matatu: ameona, ameshika usukani, na angeweza kusimama. Mtumiaji wa kompyuta mara nyingi hana hata moja. Anapokuwa nayo, mlaumu. Mtu anayetumia jina la mtoto wake na "123" kama neno la siri, baada ya kuelezwa mara tano, ana sehemu yake. Lakini sehemu si lote.

Kwa hivyo mpwa, endelea kumtuliza mjomba. Mwambie asiogope, simu haitamwuma. Ila usimwambie ni kama gari halafu ukaondoka. Kaa naye nusu saa, umwonyeshe ni apu gani zinasoma majina ya watu wake na namna ya kuzinyima. Na siku atakapoibiwa, kabla ya kumuuliza alibonyeza nini, waulize waliotengeneza kwa nini hapo palikuwa na kitufe.